Mteseni

Mwezi uliopita nilifanya ujinga ambao binti yangu ana hamu kubwa ya kuusimulia, kwa hiyo nausimulia mwenyewe kabla hajaniwahi. Nilialikwa siku ya hina ya bibi harusi wa mtaani kwetu. Mimi ni mtu wa ndani. Nikionekana uchochoroni watu huulizana kuna msiba wa nani. Basi safari hii nikasema nijitengeneze. Nikakoroga piko, ile rangi nyeusi ya nywele, kwenye kikombe kilichovunjika mkono, nikachukua mswaki mkongwe, nikasimama mbele ya kioo bila ya miwani, nikapaka pale pale nilipozoea kupaka tangu usichana wangu: kishungi kimoja tu cha nywele, mbele, juu ya paji la uso. Kishungi hicho nimezaliwa nacho cheupe. Nikakaa, nikaosha, nikajitanda, nikaenda.

Kule tulikuwa wanawake watupu na milango imefungwa, nikavua mtandio. Ngoma haikukatika, lakini mazungumzo yalikatika. Nilikuwa nimesahau jambo moja dogo: miaka imepita, na nywele zangu zilizobaki zote zimeshakuwa nyeupe. Nimesimama katikati ya watu na kichwa cheupe pe, na mbele yake kishungi kimoja cheusi ti. Msichana mmoja alinisogelea kwa heshima zote akaniuliza nimetengenezea saluni gani.

Niliporudi nyumbani harufu ya piko ilikuwa bado imo kwenye vidole. Harufu ile, ile ya dawa inayopanda puani mpaka machozi yatoke, hunirudisha kwenye mapaja ya mama yangu kila ninapoinusa. Yeye ndiye aliyenipaka mara ya kwanza, sikukuu moja, nikiwa bado sijaanza skuli. Paji lote likaumuka kama andazi. Sikukuu ile nikaiona kwa jicho moja, na mama hakunipaka tena mpaka nikavunja ungo.

Tulikaa Malindi, ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani yenye ngazi za mbao, karibu na bandari alikokuwa baba akipakua mizigo. Watoto wa uchochoroni kwetu walikuwa na adabu mno. Mtu mwenye mvi ni mtu mzima, na mtu mzima huamkiwa, basi nikitokeza mlangoni tu, wanajipanga ukutani: "Shikamoo, bibi!" Na mimi, kwa kuwa nilifundishwa kwamba salamu haiachwi bila ya jibu, nikajibu: "Marahaba." Wanaanguka kwa kicheko. Kesho yake hivyo hivyo. Hata siku moja halikunijia wazo la kunyamaza. Nilichofanya ni kuacha kutoka, na ustadi wangu wa kukaa ndani ulianzia hapo.

Kuhusu nilivyokipata kishungi kile, bibi yangu mzaa baba alikuwa na maelezo yake na hakuyaficha. Mama alipokuwa na mimba yangu, mwezi ulipatwa. Mji mzima ulitoka kupiga madebe na kusoma dua, na wenye mimba waliambiwa wakae ndani, mikono mapajani, wasishike kisu wala wasijiguse, maana pale mja mzito atakapojigusa, ndipo mtoto atakapotokea na alama. "Mamako hakutulia," bibi husema, na kidole anaweka kwenye paji langu. "Kajikuna hapa. Nlimuona kwa macho yangu haya." Mama husimama akaenda kutazama chungu, hata kama jikoni hakuna chungu.

Basi mwaka mmoja, nikiwa nimeshaanza skuli, akaja kukaa kwetu kaka Haji, mtoto wa mama mkubwa, kutoka Makunduchi. Alikuwa kidato cha nne, anasoma mjini, na kusoma kwake kulikuwa kwa miguu: anakwenda na kurudi ukumbini, kitabu mkononi, anapiga kelele kama mnadi samaki. Alisoma kwa Kizungu, sikuambulia kitu. Lakini neno moja lilikuwa likirudi kila mara, na hilo nilikuwa nalidaka vizuri sana, kwa sababu lilikuwa Kiswahili.

"Mteseni!" anasema kaka Haji, anageuka. "Mteseni!"

Siku moja nikamuuliza. "Kaka Haji, hilo neno, mteseni, lina maana gani?"

Akanitazama, macho yakampanda mpaka kwenye kishungi, akacheka. "Ndo hilo ulilonalo hapo. Weye Bi Mkubwa ndo mfano wangu. Nikiulizwa kwenye mtihani nakutaja."

"Limeandikwa kitabuni?"

"Tena kwa wino mzito."

Nilikwenda kukaa dirishani kulifikiria. Kumbe! Watoto wale hawakuwa watovu wa adabu. Walikuwa wanafunzi wazuri tu. Kitabu kimesema mwenye nywele za namna hii mteseni, na wao wanafuata kitabu. Nilihisi kama mtu aliyekuwa akidaiwa bila ya kujua, sasa kaonyeshwa hati. Sikulia. Niliona aibu kwamba mji mzima ulijua jambo langu na mimi nilikuwa wa mwisho kuambiwa.

Wasomaji wa rika langu, msinicheke haraka. Nyote mlisimama mstarini mkaimba nyimbo za Kizungu ambazo mpaka leo hamjui mlikuwa mkimsifu nani.

Kaka Haji, masikini, alidhani kapata mwanafunzi. Akachukua kipande cha kaa, akaandika ukutani PIKA. Akasema mwilini mwa kila mtu, ndani ya kila chembe, mna maandishi ya namna ya kumjenga: macho yawe hivi, nywele ziwe hivi. Chembe ikitaka kuzaa nyengine, lazima iyanakili yote, herufi kwa herufi. Na anayenakili hukosea.

"Angalia," akasema. "Herufi moja ikibadilika, pika inakuwa pita. Ikidondoka, inakuwa pia. Ikiongezeka, pikia. Herufi mbili zikibadilishana mahala, kipa. Na pengine neno zima linarudiwa, pikapika." Kila neno aliliandika chini ya jengine. "Na kuna kosa lisilodhuru kitu. Ukiandika pika kwa k mbili, nani hatojua kama ni pika?"

Bibi alikuwa chumbani na mlango wazi. "Na huyo anayenakili ni nani?" akauliza.

"Hana jina, bibi. Tuseme ni karani tu. Husinzia, akakosea."

"Astaghfirullah! Mola hapatwi na usingizi, Haji!"

"Sikumsema Mola, bibi! Nnasema chembe!"

"Chembe imeumbwa na nani?"

Kaka Haji akashusha sauti akanimalizia mimi peke yangu: kosa linaweza kusababishwa na jua kali, na zile picha za mifupa za hospitali, na sumu, na moshi wa sigara. "Lakini mara nyingi," akasema, "hakuna sababu. Hutokea tu."

Hilo la mwisho halikuniingia. Mtoto haambiwi hutokea tu. Nilishika yale ya mwanzo. Baba alikuwa mvutaji, kwa hiyo pakiti yake niliitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kufulia, nikala kofi. Madirisha yaliyoelekea jua nikawa nayafunga, bibi anayafungua. Haya yote nilikuwa na haraka nayo, kwa sababu wakati huo mama alikuwa mja mzito, tumbo limeshamtangulia mlangoni, na mimi nilishafanya hesabu yangu: huyo anayekuja, naye watamtesa?

"Kaka Haji, na mtoto wa mama naye atakuwa nayo?"

Alikuwa ameshachoka nami, anafuta ukuta kwa kiganja. "Kama imo kwenye mbegu za wazee wako, huenda. Kama imezukia kwako, basi haimhusu. Weye ndo wa kwanza."

Imezukia kwako. Wewe ndiwe wa kwanza. Sasa, nyumba yetu ilikuwa na utaratibu kwa vitu vinavyozuka. Macho mekundu yalipozuka, wa kwanza kuwashwa alipewa taulo lake, kikombe chake na chumba chake, na watoto wa ghorofa zote wakakatazwa kumkaribia. Surua vile vile. Mimi nilikuwa wa kwanza. Hakuna aliyenitenga, bila shaka kwa kunionea haya. Basi nikajitenga mwenyewe. Nilijivunia kidogo, nakiri. Nilikuwa mtoto mwenye kazi.

Kazi yenyewe ilianza Alhamisi, baada ya alasiri. Hiyo ilikuwa saa yetu. Mama hukaa kwenye mkeka, mimi chini kati ya magoti yake, kibakuli cha mafuta ya nazi pembeni, na kitana. Daima alianzia kwenye kishungi cheupe. "Tumuanze mgeni," husema, akakichana polepole, akakisuka peke yake kabla ya nywele nyengine, kama mtu anayemtilia mgeni chai kabla ya wenyeji. Mahala pengine popote kile kilikuwa kichekesho au kosa. Hapo tu kilikuwa mgeni.

"Njoo," akaniita.

"Nshasuka mwenyewe."

Akanitazama. Nilikuwa nimesuka kweli: mikia mitatu, mmoja umeelekea bandarini, mmoja Darajani, na wa tatu haujui unakwenda wapi. Mama alicheka akapiga mkeka kwa kiganja. Sikwenda. Alhamisi iliyofuata sikwenda. Ya tatu hakuniita. Alikaa tu na kitana mkononi, na kile kibakuli cha mafuta akakiweka makusudi niweze kukiona.

Nikapata mahala pangu chini ya ngazi, palipowekwa magunia ya makaa. Huko nilijifunza kuwajua watu kwa miguu. Baba alishuka kwa visigino. Kaka Haji aliruka kidaraja kimoja kila mara. Bi Tatu, jirani wa chini, ambaye kazi yake ilikuwa kuwakanda wanawake waliojifungua, alikuwa na nyayo pana zilizopasuka, na alipita bila ya kuinama kutazama, lakini alijua nimo. "Kuna paka humu," atasema kuiambia ngazi. "Sauti yake siisikii, lakini samaki wangu wapo wote. Paka gani huyo?" Anakwenda zake. Nyumba ilikuwa ikiishi juu yangu: sahani, maji, mtu anaitwa, mtu anaitika naam, kicheko cha jambo lililosemwa nikiwa sipo. Nilikuwa nadhani watanitafuta. Ubaya wa mtoto wa ndani ni huo. Asipoonekana, kila mmoja anadhani yuko chumba cha pili.

Skuli zilipofungwa nilimganda kaka Haji anichukue Makunduchi, nikae kwa mama mkubwa. Mama alikubali kwa neno moja, hakunitazama. Mimi nilikuwa na shauri langu la siri. Ikiwa imo kwenye mbegu, kama alivyosema, basi kule kwao mama lazima yuko mwenzangu. Nikawa nazunguka nyuma ya wanawake wanaosukana vibarazani, nachungulia kila kichwa kinachofunuliwa, nawafuata wakitoka kuoga baada ya kazi ya mwani. Bibi kizee mmoja alinishika mkono. "Unatafuta nini kichwani mwangu, mwanangu? Nna chawa?" Nikasema hapana. "Basi unahesabu?" Nilimaliza ukoo mzima. Vichwa vyeusi, vichwa vya mvi za uzee, kipara cha mjomba. Mwenzangu hakuwepo. Nilirudi mjini nikijua kwa hakika kwamba imezukia kwangu, na ugonjwa wenyewe ni mimi.

Nyumbani nilikuta neno limeshaenea. Nilikuwa na kijicho. Bibi aliyasema hayo kwa wageni nikiwa nasikia: mtoto kamnunia mamake kwa sababu ya mwenzake anayekuja, na hiyo ni kawaida ya kifungua mimba. Baba akaniambia niache ujinga. Sikuweza kujitetea. Ningesemaje, na wao wote wanajua kilichoandikwa kitabuni na hakuna anayekitaja?

Jioni moja mama alishuka ngazi mwenyewe. Niliijua miguu yake ingawa ilikuwa imevimba, kanda za ndara zimezama kwenye nyama. Ikasimama mbele ya magunia. Tumbo halikumruhusu kuinama, kwa hiyo tulizungumza hivyo, yeye na giza, mimi na vidole vyake.

"Nimekukosea nini?" akauliza.

Niliziba pumzi. Sikutaka hata hewa yangu imfikie.

"Kama ni ile nywele, mwanangu…" Kidole kimoja cha mguu kikawa kinakuna sakafu. Alingoja muda mrefu. Kisha akapanda, anapumzika kila baada ya vidaraja vichache, na mimi nikaachia pumzi, nikaona nimefanya vizuri, na sijawahi tena katika maisha yangu kuwa mpweke kama nilivyokuwa dakika ile niliyofanya vizuri.

Alijifungulia hospitali, akarudi siku ya pili mchana. Chumba kikajaa wanawake na ubani. Kaka Haji, kwa kuwa ni mwanamume, alibaki nje ya pazia na kigae cha makaa. Mimi nilisimama kizingitini, mguu mmoja ndani mmoja nje. Bibi akampakata mtoto, akamfunua kanga kichwani. Kila mtu akainama. Wanangojea nini, nilijua.

Nywele zilikuwa nyeusi. Zote, mpaka kwenye paji, nyeusi na mbichi.

"Alhamdulillahi," mmoja akasema, na wengine wakapokea. "Kasalimika."

Kazi yangu ilikuwa imefanikiwa. Nilitakiwa nifurahi. Badala yake nilianza kulia, kwa sauti, kilio cha aibu chenye kwikwi, na wanawake wakageuka.

"Mnaona?" bibi akasema. "Kijicho hicho."

"Mwacheni," mama akasema kutoka kitandani. Sauti ilikuwa ndogo. "Ana haki ya kuninunia. Mimi ndo nliyejikuna. Nlikatazwa, na nkajikuna. Miaka yote hii yeye ndo anayelipa."

"Si mwezi!" nikapiga kelele. "Si wewe! Imezukia kwangu! Kaka Haji kanambia, imeandikwa kitabuni, mteseni, mwenye nywele hizi mteseni, na mimi nikikugusa watamtesa na mtoto!"

Nyuma ya pazia kigae kiligonga ukuta.

"Mimi?" kaka Haji akasema. "Mimi nimesema mtu ateswe? Lini?"

"Kila siku! Mteseni, mteseni!"

"Mutesheni!" akasema.

"Ndo hivyo! Mteseni!"

"Mu-te-she-ni! Neno la Kizungu! Kosa la kunakili! Wallahi haiambukizi, mama mdogo, haiambukizi hata kidogo, mtu anazaliwa nayo, hakuna aliyemkosea mwenzake!"

Mama ndiye aliyecheka mwanzo. Alijishika tumbo kwa maumivu, akacheka mpaka mto ukaanguka, na kicheko chake kikageuka kilio bila ya kubadilisha sauti. "Kwa hiyo ulipokaa kule chini," akasema, "ulikuwa unanikimbia kwa ajili yake?"

"Na kwa ajili yako."

"Mie bado nasema mwezi," bibi akasema.

"Bibi, mwezi hauna uhusiano!"

"Haji, nlimuona kwa macho yangu akijikuna!"

"Angejikuna mguu, je?"

Wakashika hapo hapo, yeye nyuma ya pazia na bibi ukingoni mwa kitanda, na wageni wakagawanyika, huyu ana mjomba aliyezaliwa na vidole sita, yule ana mbuzi. Mimi bado niko kizingitini. Hakuna aliyeniuliza kilio kile kilikuwa cha nini, na kama wangeniuliza nisingewaambia. Walipomfunua, kabla ya kuona, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, niliomba kishungi kiwepo. Kidogo tu, uzi mmoja. Miezi nilijificha kisiwepo, na mwisho nikakiomba, tuwe wawili. Mpaka leo mdogo wangu hajui kwamba jambo la mwanzo nililomtakia duniani ni hilo.

Mama alininyooshea mkono. Sikujua bado kama nimeruhusiwa. Hapo Bi Tatu akaingia na ndoo ya maji ya moto ya kumkanda mzazi, akaitua, akavuta pumzi kwa pua, akatutazama mmoja mmoja, na kwangu akaishia.

"Mnagombania kosa la nani, na mtoto kajinyea tangu mlipoanza. We binti, usinitolee macho: mie mikono yangu ina maji ya moto, mamako hawezi kuinama, na huyo nduguyo hatojifuta mwenyewe."